Mwenye Paa na Mwenye Mshahara: Kipato cha Kaya na Tabaka katika Nakawa



Mada niliyopewa jioni hii ni mambo yanayoathiri kipato cha kaya na tabaka la kijamii. Mada ya namna hii ina jibu lake la kawaida, na wanafunzi wa biashara waliomo humu wanalijua kwa kichwa: elimu, kazi, umri wa mkuu wa kaya, jinsia, idadi ya wategemezi, mahali mtu anapoishi. Mwanafunzi akiyaandika hayo kwenye mtihani atafaulu. Sina ugomvi na orodha hiyo, kwa kuwa yote yaliyomo ni ya kweli. Kinachonisumbua ni kwamba inayapanga mambo hayo mstari mmoja, kila moja na uzito wake uleule. Mtu mzima wa Nakawa anayejiuliza kwa nini mwenzake waliyeanza naye kazi mwaka mmoja leo ana nyumba, naye bado anahamahama na godoro lake, orodha ile haimjibu.

Nitasema mapema ninakoelekea, ili anayetaka kubisha ajiandae. Hapa kwetu mshahara unaeleza mtu atakula nini mwezi huu. Tabaka lake, na hasa tabaka la watoto wake, huamuliwa na swali jingine: paa analolalia ni la nani, na linashikwa kwa karatasi gani.

Nakawa ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Ni moja ya tarafa tano za jiji la Kampala, na sensa ya mwaka 2014 ilikuta humu watu wapatao 317,000. Ukitoka Lugogo kwa Barabara ya Jinja kuelekea mashariki, kushoto kwako kuna kilima cha Naguru chenye makao makuu ya polisi, na kulia kuna Bugolobi yenye maghorofa na maduka yake. Mbele kuna soko, chuo cha biashara, kisha Kyambogo na chuo kikuu chake. Ukishuka upande wa ziwa unapita Kitintale, unafika Luzira kwenye gereza kuu, kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1946, na bandari ya Port Bell. Kaskazini, Ntinda ina mtaa unaoitwa Kijiji cha Mawaziri. Chini ya kilima cha Naguru kuna mtaa duni unaoitwa Go-Down. Mbuya kuna kambi ya jeshi, na bondeni mwake kuna Kinawataka, ambako mvua ikinyesha watu hupandisha vitu juu ya vitanda. Yote haya ni mwendo wa mguu. Mwenye bangalo na mwenye chumba kimoja wananunua nyanya kwa mama yuleyule.

Ukaribu huu una historia, na si ya bahati. Mwaka 1947 msanifu majengo Mjerumani, Ernst May, aliyekuwa amejipatia jina kwa nyumba za wafanyakazi alizozijenga Frankfurt kabla ya kuhamia Afrika Mashariki, aliwasilisha mpango wa kuipanua Kampala kuelekea vilima vya Kololo na Naguru. Kololo ukawekwa kwa ajili ya Wazungu na Wahindi, Naguru kwa ajili ya Waafrika. Katikati ya vilima hivyo kuna bonde la Lugogo, na mtu mzima anaweza kulivuka kabla chai haijapoa. Nyumba za Waafrika za Nakawa na Naguru zikajengwa katika miaka hiyo na ile iliyofuata: ndogo, za chini, zilizopangwa kwa safu.

Serikali ya kikoloni haikuzijenga kwa huruma. Ilikuwa na hesabu yake, na hesabu ile bado inatutesa. Mfanyakazi wa Kiafrika alilipwa mshahara wa kapera. Waajiri walichukulia kwamba mke na watoto wako kijijini, wanalima, wanajilisha wenyewe, na kwamba mwanamume huyu akizeeka atarudi huko. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumlipa pesa ya kutunza familia, wala ya kumjengea nyumba ya familia, wala ya kumuuzia. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyofanya kazi kati ya 1953 na 1955 iliuona ubovu wa utaratibu huu, kwamba mfanyakazi asiye na makazi ya kudumu hawezi kuwa fundi wa kudumu. Lakini nyumba zilikwisha jengwa, na watu wakaingia humo kama wapangaji. Wakaoa humo. Wakazaa humo. Uhuru ukawakuta humo mwaka 1962, wakiwa wapangaji wa halmashauri ya jiji.

Hapa nataka mniazime subira, kwa sababu ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Baada ya Uhuru, Shirika la Taifa la Nyumba lilijenga maghorofa ya Bugolobi, na mengine Bukoto na Wandegeya. Walioingia humo walikuwa watumishi wa serikali na wafanyakazi wa mashirika: makarani wakubwa, wahasibu, walimu waliopanda vyeo. Nao pia walikuwa wapangaji. Serikali yenyewe ilikuwa na nyumba zake kwenye vilima, ambamo maofisa waliishi kwa kodi ya kutajwa tu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, nyumba na maduka mengi zaidi yakaingia mikononi mwa dola na kugawiwa. Profesa Mahmood Mamdani, naye akiwa mmoja wa waliofukuzwa, aliandika mwaka 1976 kitabu kuhusu siasa na uundwaji wa matabaka nchini Uganda, na anayetaka kujua jinsi dola inavyoweza kuzaa tabaka la wenye mali kwa kalamu tu akakisome. Miaka ya sabini, basi, mkazi wa maghorofa ya Bugolobi na mkazi wa nyumba za safu za Nakawa walitofautiana mshahara na idadi ya vyumba. Kwa hadhi ya kisheria walikuwa sawasawa. Wote walikaa kwenye nyumba ya umma, na wote wangeweza kuambiwa kesho watoke.

Kisha ikaja miaka ya 1990 na sera ya kubinafsisha. Serikali ikaamua kuuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake. Maghorofa ya Shirika la Nyumba nayo yakaanza kuuzwa kwa wapangaji waliokuwemo, na sheria ya mwaka 2001 ya umiliki wa sehemu za jengo ikamwezesha mtu kuwa na hati ya ghorofa lake bila kumiliki jengo zima. Aliyekuwa karani mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi akajikuta, kwa kusaini fomu, ni mwenye mali katikati ya Kampala. Leo mtoto wake anapangisha vyumba vile na kulipa karo kwa pango.

Na wale wa nyumba za safu, Nakawa na Naguru? Mwaka 2007 serikali iliingia mkataba na kampuni ya OpecPrime Properties ijenge hapo mji mpya wa kisasa, juu ya ardhi ya zaidi ya ekari 160. Wapangaji waliahidiwa kupewa kipaumbele katika nyumba zitakazojengwa. Kesi zikaenda mahakamani na kurudi. Julai 2011 matingatinga yakaingia na familia 1,747 zikaondolewa. Mwaka 2013 Rais aliweka jiwe la msingi. Miaka ikapita, majani yakaota. Mwaka 2021 Bunge likalazimika kuunda kamati ya kuchunguza jinsi ardhi ile ilivyokuwa ikigawiwa kwa wawekezaji wengine.

Mtaniuliza, kwa nini wa Bugolobi waliuziwa na wa Nakawa wakaondolewa? Jibu la haraka ni kwamba wa Bugolobi walikuwa na watu wao ofisini. Kuna ukweli hapo, maana waliokuwa wakiandika sera ndio waliokuwa wakilala ndani ya nyumba zinazouzwa. Lakini liko jibu la pili ambalo halisemwi sana. Ghorofa halina ardhi ya kugombaniwa. Familia nyingi zimebebwa juu ya kipande kidogo cha udongo, na kuwatoa wote ni gharama kubwa kuliko kuwauzia. Nyumba za safu zilikuwa kinyume chake: nyumba duni juu ya ardhi ghali, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu. Maskini wa Nakawa aliponzwa na thamani ya mahali alipowekwa. Babu yake aliletwa pale kwa sababu palikuwa pembeni, naye akatolewa kwa sababu pamekuwa katikati.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Wenzetu wa Tanzania waliliona mapema. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa. Unaweza kuicheka siasa ile kwa mengi, lakini walijua wazi tabaka linaanzia wapi. Kisha kuanzia mwaka 2002 Tanzania hiyohiyo ikawauzia watumishi nyumba za serikali, na manung'uniko ya mauzo yale bado yanasikika Dar es Salaam hadi leo. Anayefuatilia atagundua kwamba mjadala ulikuwa uleule wa kwetu: nani alikuwa ndani siku mlango ulipofunguliwa.

Sasa turudi kwenye hesabu, kwa kuwa kuna wachumi humu ndani na nimewaona wakitazamana.

Mwaka uleule wa 2011, miezi michache kabla ya matingatinga kuingia Nakawa, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba Mwafrika mmoja kati ya watatu, zaidi ya watu milioni 300, yumo katika tabaka la kati. Kipimo chao kilikuwa matumizi ya dola 2 hadi 20 kwa siku. Ukisoma kwa makini unakuta kwamba wengi wa hao walikuwa kati ya dola 2 na 4, na benki yenyewe ilikiri kuwa hao wanaelea, homa moja inatosha kuwazamisha. Kwa kipimo hicho familia nyingi za zile 1,747 zilikuwa tabaka la kati asubuhi, na jioni zilikuwa barabarani na makabati yao. Matumizi yao ya siku hayakubadilika siku ile. Walichopoteza hakikuwemo kwenye kipimo.

Idara ya takwimu ya Uganda nayo hupima umaskini kwa matumizi ya kaya, na ina sababu nzuri. Ukimuuliza muuza mitumba anapata kiasi gani, atakutazama kama mtoza ushuru. Ukimuuliza amenunua nini wiki hii, atakwambia. Kwa kipimo hicho nchi imepiga hatua kubwa: umaskini ulikuwa asilimia 56.4 mwaka 1992/93, na katika utafiti wa 2023/24 umeshuka hadi asilimia 16.1. Takwimu hizo naziheshimu. Nasema tu kwamba zinahesabu kinachopita kaya, hazihesabu kinachobaki.

Chukueni kaya mbili za kubuni. Kila moja inapata shilingi 900,000 kwa mwezi, ina watoto watatu, na baba na mama wana cheti kilekile. Ya kwanza inaishi katika ghorofa la Bugolobi aliloliacha babu. Ya pili inapanga vyumba viwili Kitintale kwa 300,000. Kwenye fomu ya utafiti ni mapacha. Katika miaka 20 kaya ya pili italipa pango la shilingi milioni 72, hata kama mwenye nyumba hatapandisha kamwe, jambo ambalo hakuna anayeliamini humu. Kaya ya kwanza itabaki na milioni hizo, au itazila kwa karo, au itanunua kiwanja Mukono. Mwisho wa miaka 20 mmoja ana kitu cha kurithisha, na mwenzake ana stakabadhi, ikiwa mwenye nyumba alikuwa muungwana wa kutoa stakabadhi. Na hapo sijamtaja anayelala kwenye muzigo, chumba kimoja chenye pazia katikati, ambaye hata mkopo wa benki hawezi kuuomba kwa kuwa hana cha kuweka rehani isipokuwa kadi yake ya benki. Wakopeshaji wa mtaani wanaichukua kadi hiyo na namba yake ya siri, na kila mwezi mshahara unaingia na kutoka bila mwenyewe kuuona.

Sisemi mshahara hauna maana. Una maana, na mara nyingine ni kalamu ya mtu mmoja inayoamua. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wale wa stashahada hadi milioni 3. Mwalimu wa historia mwenye shahada ileile alibaki na milioni moja na kidogo, na mwalimu wa shule ya msingi na takriban nusu milioni. Walimu wakagoma Juni ya mwaka huo. Hebu fikirini chumba cha walimu katika shule yoyote ya tarafa hii: watu wawili waliosoma chuo kimoja, wanaofundisha darasa moja, mmoja anapata karibu mara nne ya mwenzake. Elimu yao haikutofautiana urefu. Kilichotofautiana ni uamuzi wa bajeti.

Na kima cha chini cha mshahara, msiniulize. Kilichopo kwenye sheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Mwaka 1987 serikali ilikata sifuri mbili kwenye sarafu, kwa hiyo mkali wa hesabu anaweza kudai kuwa kisheria ni shilingi 60. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka kima kipya kwa kila sekta, Rais akakataa kuutia saini. Kijana anayebeba makreti kwenye Eneo la Viwanda analipwa kile ambacho kijana mwingine aliyesimama getini yuko tayari kukipokea.

Niseme kidogo kuhusu ndugu zetu wa kambini, maana ni wengi Nakawa, na ndio waliokibeba Kiswahili katika jiji hili wakati wengine wakikionea haya. Askari polisi wa Naguru, askari magereza wa Luzira, mwanajeshi wa Mbuya: hawa wana mshahara wa uhakika na nyumba ya bure. Kwa macho ya jirani wa Go-Down wana neema. Lakini nyumba yenyewe aghalabu ni chumba kimoja kwa familia nzima, au kibanda cha mabati cha mviringo ambacho mwenyewe anakiita mama ingia pole, na siku ya kustaafu funguo zinarudishwa. Mtu ametumikia miaka 30 bila kulipa pango, na kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kusukumwa kujenga. Anatoka akiwa na kiinua mgongo kinachochelewa na watoto wasiojua kijiji. Mkataba wake na dola ni uleule wa kapera wa mwaka 1950: tumikia, kisha urudi kwenu.

Ukubwa wa kaya nao una maneno yake. Tukisema kaya, kwa takwimu, tunamaanisha wanaokula chungu kimoja. Ila anayepata mshahara Kampala anajua kwamba wanaokula kwenye chungu chake hawatoshi kwenye fomu. Kuna mama kijijini, kuna mtoto wa dada aliyefaulu kwenda sekondari, kuna matanga. Mafuriko haya ya madai hayamfikii tajiri kwa uzito uleule, kwa kuwa ndugu zake nao wana pa kushika. Yanamlemea yule wa kwanza kutoka katika ukoo wake, aliyesoma kwa michango ya wote na sasa anadaiwa na wote. Siwalaumu wanaodai. Wao ndio bima yake siku akiugua. Corona ilituonyesha hilo. Machi 2020 jiji lilipofungwa, wachuuzi waliambiwa walale masokoni ili chakula kisikatike, na serikali ikagawa kilo sita za unga na kilo tatu za maharage kwa kila mtu asiye na kipato. Zilipoisha, kilichowaokoa wengi ni ndizi kutoka kijijini na pesa ya simu kutoka kwa ndugu. Aliyekuwa na pango la kulipa mwezi ule, na hana kijiji, alijua maana ya tabaka kuliko mimi na vitabu vyangu.

Mwanafunzi mmoja ataniambia: mwalimu, lakini elimu ndiyo iliyonitoa. Naam, inawatoa watu. Nabisunsa, shule ya wasichana iliyo ndani ya tarafa hii, ilianzishwa mwaka 1954 kwa juhudi za Mwanamfalme Badru Kakungulu, wakati ambapo shule nzuri zilikuwa za misheni na Waislamu wakiachiwa bucha, uchuuzi na usukani wa lori. Shule ile imewapandisha mabinti wengi na kuwabadilishia watu hadhi yao yote. Sikatai. Ila tazameni mlango wenyewe. Tangu mwaka 1997 shule ya msingi ya serikali haina karo, na tangu 2007 sekondari nyingi za serikali vilevile, hata hivyo kila mzazi humu anajua bei ya shule ambayo anataka mwanawe afike. Shule zilifungwa kwa sehemu kubwa ya muda kati ya Machi 2020 na Januari 2022. Mtoto wa Bugolobi alisoma kwa kompyuta, wa Kinawataka aliuza mandazi, na baadhi ya mabinti walirudi darasani wakiwa na watoto, au hawakurudi. Elimu inampandisha mtu, kweli, na inalipiwa na paa. Asiyelipa pango ndiye anayeweza kulipa karo kwa wakati.

Kuna kaya ndani ya kaya pia. Karatasi ya nyumba ikipatikana, jina lililoandikwa juu yake mara nyingi ni moja, na ni la mwanamume. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2013, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisibwe, kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake, hata ule usio wa pesa. Sheria ya mirathi iliyorekebishwa mwaka 2022 imemwongezea mjane fungu, kutoka asilimia 15 hadi 20, pale marehemu asipoacha wosia. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya familia haijauzwa. Haya ni maendeleo, lakini mama anayeuza matoke soko la Nakawa, ambaye pesa yake ndiyo iliyonunua matofali, bado analala katika tabaka la mumewe na ataamka katika tabaka lake mwenyewe siku mume akifa na shemeji wakifika. Dada zangu, ulizeni jina lililoko kwenye hati. Ugomvi wa leo ni mdogo kuliko wa matangani.

Na mipango ya serikali? Mpango wa Maendeleo ya Parokia ulizinduliwa Februari 2022. Kila parokia ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya iliweza kukopa milioni moja. Nia ni njema, na kwa kaya yenye ekari mbili wilayani Kibuku milioni hiyo inaweza kuwa nguruwe au kahawa. Mpango ulitungwa kwa ajili ya kaya zinazolima kwa tumbo tu. Mkazi wa muzigo katika mtaa wa Banda ataliweka wapi banda la kuku? Atanunua bidhaa, atapanga kando ya barabara, na gari la halmashauri litazibeba. Mkopo kwa mtu asiye na mahali pa kusimama unarudi kuwa deni. Naona heri milioni hizo zingeanza kwa kumpa mtu uhakika wa mahali.

Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inasema pango lisipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nani humu amewahi kuitaja mbele ya mwenye nyumba wake? Naona mnacheka. Sheria isiyotajwa ni ya wanasheria peke yao, na nyinyi ndio mliotungiwa.

Kwa hiyo nina ombi, na nalielekeza kwa madiwani na watumishi wa jiji kabla sijalielekeza kwa wengine. Katika tarafa hii bado kuna nyumba za umma: za kambi, za vyuo, za taasisi, na viwanja ambavyo familia zimevikalia kwa vizazi kwa ruhusa ya mdomo. Mpeni kila anayekaa humo maandishi yanayosema anakaa kwa masharti gani na anastahili nini siku mali ile ikiuzwa. Siku ikiuzwa, bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya tarafa bei na majina ya wanunuzi, na anayekaa ndani apewe nafasi ya kwanza kwa bei na masharti waliyopewa watu wa Bugolobi. Na wewe mpangaji, askari au mjane, usingoje madiwani wakumbuke. Nenda ofisi ya ardhi ukaulize jina lililoandikwa juu ya mahali unapolala, na ujibiwe kwa maandishi.